Shemeji anataka asilimia kumi ya ruzuku ambayo hatujaipata

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 46, mzaliwa wa Uvira, Kivu Kusini. Hii shikamoo niliizoea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kigoma, nilikoishi miaka 13 kabla ya kuletwa hapa Ohio, Marekani. Nakuandikia wewe kwa sababu jambo hili siwezi kumwambia mume wangu lote. Utaona kwa nini.

Tuna kikundi cha wanawake. Kilianza 2019 jikoni kwangu, tukiwa wanne. Mmoja wetu alikuwa ameanguka mtihani wa udereva mara tatu, basi tukawa tunakisoma kile kitabu pamoja, anayejua Kiingereza anamweleza asiyejua. Leo tuko 38. Kila Jumamosi tunashona, tunafundishana udereva, na katikati ya wiki tunasindikizana hospitali kwa sababu kule mtu akiwa peke yake anaitikia tu "yes" hata asichokielewa. Pasta ametupa ukumbi wa kanisa bure. Tunaanza kwa nyimbo na maombi nusu saa, halafu cherehani. Wako mama wawili Waislamu, wao hukaa ngazini mpaka tumalize kuomba.

Tuna likelemba pia, kama watu wote wa kwetu: wanawake 12, dola 50 kila mwezi, mwenye zamu anachukua 600.

Daftari nalishika mimi. Tangu siku ya kwanza naandika nani amekuja, nani amesindikizwa wapi, nani ametoa kiasi gani, uzi umenunuliwa bei gani. Sasa yamekuwa madaftari matano. Pesa zote hupita kwenye akaunti yangu ya benki, ila kila senti imeandikwa.

Mwezi wa tatu ujao tutatimiza miaka miwili tangu tuandikishe chama kwa jimbo. Wanawake 20 walichanga dola 20 kila mmoja, zikawa 400. Dola 99 zilikwenda kwa jimbo. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, amesoma chuo hapa hapa, akasema karatasi za kodi zinataka 300. Tukampa. Akaleta barua ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, yenye namba ya tarakimu tisa, akasema sasa ninyi ni shirika kamili. Dola moja iliyobaki iko kwenye daftari. Mwenyekiti ni mimi, mweka hazina ni mume wangu, katibu ni shemeji.

Mwaka huu mfuko wa jamii wa hapa kwetu, ule unaokusanya pesa za wafadhili na kuzigawia vyama vya kaunti, ulitangaza ruzuku. Tukaomba dola 25,000: cherehani 20 kwa 10,000, gari la kubebea watu 8,000, posho 5,000, mengineyo 2,000. Shemeji aliandika kwa Kiingereza kizuri sana. Jibu limekuja, mistari mitatu: asanteni, maombi yalikuwa mengi, hatukuweza kulichagua lenu.

Sasa shemeji anasema kosa ni langu, nilimharakisha. Anataka kuandika upya kwa mifuko mitatu mingine, lakini safari hii tusaini kwamba asilimia kumi ya kitakachopatikana ni yake. Mume wangu anasema kazi ni kazi, mdogo wake alipwe. Na huku wanawake wameanza kunong'ona kwamba pesa zilikuja na mimi nimezila. Mmoja amejitoa kwenye likelemba. Jumamosi iliyopita walikuja 19.

Shangazi, ni Kiingereza ndicho kimetuangusha? Nimpe shemeji hiyo kumi? Au nirudi jikoni kwangu na wale wanne? Nimekutumia andiko letu, barua yao, na picha za kurasa za daftari la mwaka jana.

Mama wa Madaftari Matano, Ohio

*

Mama wa Madaftari, marahaba.

Andiko lenu nimelisoma mara mbili. Mara ya kwanza nililisoma kama shangazi, na pale ulipokaa na yule mama chumba cha kujifungulia usiku kucha ukimtafsiria, ilibidi nivue miwani. Mara ya pili nililisoma kama mjumbe wa kamati, kwa sababu nilikaa miaka minne kwenye kamati ya kupitia maombi ya mfuko wa jamii wa mji mmoja huku huku Marekani. Kama mjumbe, ningeliweka kwenye fungu la waliokosa kabla chai yangu haijapoa. Na Kiingereza hakina hatia yoyote. Kiingereza cha shemeji yako kinashinda changu.

Kilichowaponza kwanza ni ile namba ya tarakimu tisa. Namba hiyo ni ya kuwatambua tu kwenye mambo ya kodi. Bucha inayo, saluni inayo, na hata jamaa mwenye gari moja la kuhamisha vyombo anaweza kuwa nayo. Haisemi popote kwamba ninyi ni shirika la hisani. Cheti cha jimbo nacho kinasema tu kwamba mmezaliwa. Karatasi ya tatu, ambayo ndiyo mfuko wa jamii unaitafuta, ni barua ya IRS inayosema mmekubaliwa chini ya kifungu cha 501(c)(3), yaani hamlipi kodi ya mapato na anayewachangia anaweza kuudai mchango huo kwenye kodi yake. Hiyo hamna. Na haihitaji mtu kuwauliza: IRS ina orodha yake mtandaoni, karani wa mfuko anaandika jina lenu, halionekani, faili linafungwa. Inawezekana kabisa kwamba hakuna mjumbe hata mmoja aliyefika ukurasa wa pili wa andiko lenu.

Sasa neno gumu. Ile namba ya tarakimu tisa IRS huitoa bure. Ukijaza mtandaoni unaweza kuipata siku ileile. Sisemi shemeji yako amekula dola 300. Kuna tovuti za watu binafsi zilizojipamba zikafanana na za serikali, zinatoza pesa nyingi kwa kazi hiyo ya bure, na wasomi wengi wamenasa humo. Mwombe stakabadhi. Mwombe mbele ya mumeo, kwa sauti ileile unayouliza bei ya nyanya, na uiandike kwenye daftari ulipoandika ile dola moja. Ikiwa hana, andika "stakabadhi haipo". Usiongeze neno.

Barua ya 501(c)(3) mnaweza kuiomba wenyewe. Kuna fomu mbili. Ndefu ni 1023, ada yake dola 600, na inamtaka mtu mwenye subira na mwanasheria. Fupi ni 1023-EZ, ada dola 275, inajazwa mtandaoni kwenye Pay.gov. Fupi ni ya vyama vidogo: msiwe mnatarajia kuingiza zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka wowote katika miaka mitatu ijayo, na mali yenu isizidi 250,000. Kwa mujibu wa daftari lako mwaka jana mliingiza 3,140, kwa hiyo ni yenu kabisa. Ila ona mtego: shemeji akiandika kwa mifuko mitatu kwa mpigo, kila mmoja 25,000, atakuwa anatangaza kwa mkono mmoja kwamba mnatarajia 75,000 na kwa mkono mwingine kwamba hamtafika 50,000. Karatasi zikipingana, atakayeulizwa ni mwenyekiti.

Na angalia kalenda. Chama kikiomba ndani ya miezi 27 tangu kuandikishwa kwa jimbo, kwa kawaida kibali huhesabiwa tangu siku kilipozaliwa. Ukipita hapo, kinaanza siku mliyoomba. Mwezi wa tatu mtakuwa na miezi 24. Kabla ya kutuma, fungueni ile hati ya jimbo mtafute maneno mawili: kwamba lengo la chama ni la hisani, na kwamba chama kikifa mali yake itakwenda kwa shirika jingine la hisani, si kwa wanachama. Vyama vingi vidogo huacha nafasi hiyo wazi. Kama haipo, rekebisheni hati kwanza. Vyuo vya sheria vingi vina ofisi ambazo wanafunzi, wakisimamiwa na walimu wao, hufanya kazi hii bure kwa vyama kama chenu. Uliza maktaba ya mji, mkutubi atakuelekeza. Huyo huyo muulize kama wana ile hazina ya data ya wafadhili inayotunzwa na shirika la Candid, maana maktaba nyingi kubwa zinalipia ili msomaji aitumie bure.

Mkishapata barua, kuna kadi ya mwaka, yaani taarifa fupi ya kila mwaka kwa IRS. Chama ambacho kwa kawaida hakizidishi mapato ya dola 50,000 hujaza 990-N, maswali machache tu, bure, kufikia tarehe 15 ya mwezi wa tano kama mwaka wenu unaisha Desemba. Ukiisahau miaka mitatu mfululizo, kibali kinafutika chenyewe. Nimeona chama cha watu wazuri sana kikifa hivyo, hakuna aliyeiba wala aliyegombana, ni kadi tu.

Huku mkisubiri, kuna njia ya pili, na pengine ndiyo ningeanza nayo. Huku wanaiita udhamini wa kifedha. Shirika kubwa lenye 501(c)(3) yake linawachukua chini ya bawa: ruzuku inaingia kwake, linashika hesabu, linawajibika kwa mfadhili, na ninyi mnafanya kazi. Linakata ada, mara nyingi kati ya asilimia tano na kumi. Najua hapo utaniuliza, mbona hiyo kumi ni halali na ya shemeji naipinga? Nitafika. Tafuta shirika linalopokea wakimbizi mjini kwenu, au kituo cha wanawake. Pasta anaweza kujitolea, na kisheria kanisa linaweza, maana makanisa hayahitaji hata kuomba ile barua. Lakini kwenu mimi ningesita, kwa sababu ya ngazi. Nalo nitalifikia.

Kwanza nikueleze mfuko wa jamii ni mnyama gani, kwa sababu shemeji ameuandikia kana kwamba ni serikali. Wa kwanza ulianzishwa Cleveland, huko huko Ohio, mwaka 1914, na mwanabenki aitwaye Frederick Goff. Alichokuwa anakichukia ni mkono wa marehemu. Sisi watu wa pwani tunamwelewa haraka kwa sababu ya wakfu: mtu anaweka nyumba wakfu ili kodi yake inunue mafuta ya taa za msikiti, leo msikiti una umeme, na kodi bado inatafuta mafuta ya taa. Matajiri wa Marekani walikuwa wanaacha mali kwa masharti ya namna hiyo. Goff akasema mali na iwekwe pamoja, na kamati ya wananchi walio hai ndiyo iamue kila mwaka mji unahitaji nini. Ndiyo maana mfuko wa jamii una mipaka ya kaunti, na ndiyo maana anayekusoma ni jirani yako. Kamati yetu ilikuwa na mstaafu wa posta, mwalimu wa hesabu, mwenye duka la rangi na mimi. Maandiko 60, wiki tatu.

Sasa soma sentensi yenu ya kwanza kwa macho ya mstaafu wa posta: "Tangu dunia iumbwe, mwanamke amekuwa nguzo ya familia na taifa." Ni kweli, lakini amesomewa dunia nzima wakati alitaka kujua mtaa wake. Ukurasa mzima wa kwanza unazungumzia vita, umaskini wa Afrika na haki za mwanamke. Nyinyi mnaonekana ukurasa wa tatu. Safari 146 za hospitali, ambazo ningezipigia kengele, hazimo kabisa! Nimezikuta kwenye picha za daftari lako, umezijumlisha kwa kalamu nyekundu chini ya ukurasa. Wanawake 11 waliopata leseni mwaka jana nao wamo kwenye daftari tu.

Mama, nimepitia maandiko ya mashirika yenye ofisi na zulia ambayo hayakuweza kusema yamehudumia watu wangapi bila kuweka neno "takriban". Wewe una tarehe, majina na saa. Andiko lenu lianze hivi, na mtu yeyote anayejua Kiingereza cha kawaida atalitafsiri:

"Kila Jumamosi, wanawake 38 wanaozungumza Kiswahili katika kaunti hii hukutana kushona na kujifunza udereva. Mwaka jana 11 walipata leseni, na tulisindikiza wenzetu hospitali mara 146. Hatuna mfanyakazi anayelipwa. Tunaomba dola 4,800."

Ndiyo, 4,800. Chama kilichoingiza 3,140 mwaka mzima kikiomba 25,000, msomaji haoni matumaini makubwa, anaona mtoto aliyebebeshwa gunia. Anajiuliza nani atazishika, nani atazikagua. Mifuko mingi ya jamii ina ruzuku ndogo kwa vyama vinavyoanza, na aliyepewa kidogo akarudi na hesabu safi ndiye anayepewa tena. Gari liache. Gari ni bima, matengenezo na ugomvi wa nani alilala nalo. Cherehani sita kwa dola 250 ni 1,500. Mwalimu wa kushona, Jumamosi 40 kwa dola 45, ni 1,800. Mafuta na tiketi za basi za safari za hospitali 1,200. Uzi na vitambaa 300. Jumlisha mwenyewe. Neno "mengineyo" lisionekane kamwe. Kwenye kamati yetu mwalimu wa hesabu alikuwa analizungushia duara jekundu kabla hajasalimia mtu. Na chini yake andikeni mnachotoa ninyi: ukumbi, saa zenu za kujitolea, cherehani mlizonazo. Huo ni mchango halisi na unahesabika.

Majina ya bodi pia. Ohio inataka wakurugenzi wasiopungua watatu, mko watatu, sheria imeridhika. Lakini msomaji anaona majina matatu ya ukoo mmoja. Anayeomba pesa, anayezitunza na anayeandika kumbukumbu wanakula meza moja. Hapo hata malaika atashukiwa, na wanawake wako wameshaanza. Ongezeni watu watatu au wanne wasio ndugu zenu. Mmoja awe kati ya wale mama wa ngazini.

Nimefika ngazini. Kwenye ratiba yenu mmeandika kwa uaminifu: saa nne hadi nne na nusu, kusifu na kuabudu. Pesa za mfuko wa jamii kwa kawaida haziendi kwenye ibada, na mfuko unataka huduma iwe wazi kwa kila mtu bila kujali dini. Kukutana kanisani si tatizo. Kuomba si tatizo. Tatizo ni kwamba ili mtu afikie cherehani inambidi apite kwenye ibada au akae nje kwenye baridi ya Ohio. Wanaotaka kuomba waanze nusu saa mapema, na shughuli ya chama ifunguliwe saa nne na nusu kamili kwa wote. Ongea na pasta vizuri, hajapoteza kitu.

Haya, shemeji.

Ile kumi ya shirika mdhamini inalipia hesabu, ukaguzi na dhamana ya kisheria mwaka mzima, imeandikwa kwenye bajeti, na mfadhili anaiona. Ya shemeji ni kipande cha pesa ya mtu kwa kazi iliyofanyika kabla pesa haijatolewa. Wafadhili wengi hawakubali ruzuku yao ilipe gharama za kuandika ombi lenyewe. Vyama vya wenye fani hiyo Marekani, cha waandishi wa maombi ya ruzuku na cha wachangishaji fedha, vyote vinakataza mwanachama wao kulipwa kwa asilimia, kwa sababu anayelipwa asilimia ataomba kiwango kikubwa, si kinachohitajika. Rudi kwenye ile 25,000 uitazame upya. Tena huyu ni katibu. Mtu wa bodi akijiandikia mkataba wa kulipwa na bodi yenye kaka yake na mke wa kaka yake, jina lake ni mgongano wa maslahi, na fomu nyingi za maombi zinauliza jambo hilo waziwazi.

Lakini usiende kumwambia hivyo wewe. Shemeji ni shemeji. Ukimkataa wewe ni ugomvi wa nyumba, akikatazwa na utaratibu ni utaratibu. Mumeo ana hoja moja ya kweli, kwamba kazi ni kazi. Mkubalie hapo kwanza. Mwambie mdogo wako ana Kiingereza ambacho sisi hatuna, na tukitaka kumlipa kihalali kuna njia: ajiuzulu ukatibu, bodi mpya isiyo ya ndugu ikae, wewe na mumeo mkae pembeni kwenye kura hiyo, imlipe kiasi maalumu kwa saa alizofanya, kutoka kwenye michango yenu na si kwenye ruzuku, ashinde au asishinde. Au abaki kwenye bodi na aandike bure kama wewe unavyosindikiza watu bure. Achague. Nadhani mumeo, ambaye ni mweka hazina wa jina tu maana pesa zote ziko kwako, atashukuru kupata njia ya kumwambia mdogo wake neno bila kuonekana ametumwa na mke.

Na hizo pesa zilizo kwako. Kesho, si wiki ijayo, chukua cheti cha jimbo na ile namba ya tarakimu tisa, ambayo hapa inafaa sana, nenda benki na ufungue akaunti kwa jina la chama. Watia saini wawili, wa pili asiwe mumeo. Pesa za watu 38 zikipita kwenye akaunti yako, siku afisa wa msaada wa chakula au wa bima ya afya akitazama taarifa ya benki atahesabu kwamba ni mapato yako, na utaanza kujieleza kwa mkalimani.

Likelemba isiingie kwenye akaunti hiyo hata siku moja. Likelemba ni pesa za watu 12 wanaopeana zamu kwa faida yao wenyewe, na ni jambo zuri, mimi mwenyewe nimenunua friji kwa pesa ya mchezo, ndiyo likelemba ya kwetu. Chama cha 501(c)(3) hakiruhusiwi kutumia mali yake kumnufaisha mtu binafsi aliye ndani yake. Ukivichanganya, hata kama hujala senti, utakuwa huwezi kuonyesha senti ipi ni ya nani. Daftari la likelemba liwe lake, libaki jikoni.

Kuhusu minong'ono, usiitishe mkutano wa kujitetea. Anayejitetea bila kushtakiwa anaongeza mashtaka. Jumamosi hii, kabla ya cherehani, isome ile barua ya mistari mitatu yote, itafsiri neno kwa neno, halafu izungushe mkononi kwa kila mtu ili waone nembo na tarehe. Kisha fungua daftari usome walichochanga na kilichotumika, mpaka kwenye ile dola moja. Mtu akiuliza kuhusu 300, sema umeomba stakabadhi na unaisubiri. Aliyejitoa kwenye likelemba usimfuate. Akisikia kwamba daftari linasomwa kila mwezi mbele ya watu, atauliza mwenyewe.

Bado simu moja. Chini ya barua yenu kuna jina la afisa miradi na namba. Watu wetu hudhani kumpigia aliyekukataa ni kujidhalilisha. Huku ni kawaida, na kwenye mfuko wetu afisa alikuwa anashangaa wakipiga wawili kati ya 40. Hutaki kubishana naye. Muulize ni kitu gani kilizuia ombi lenu, kama wana ruzuku ndogo kwa vyama vipya na inafunguliwa lini, na kama watapokea ombi kupitia shirika mdhamini. Muulize pia anamjua mdhamini gani anayemwamini; hilo litakupunguzia miezi. Kama Kiingereza cha simu kinakutia jasho, omba kikao cha ana kwa ana na uende na mmoja wa wale 11 wenye leseni. Beba daftari moja, lile la mwaka jana. Usimpe, mfungulie tu ukurasa wa safari 146.

Jambo jingine ambalo halikuandikwa kwenye tangazo: fungu linaloshindaniwa hadharani ni sehemu tu ya pesa za mfuko. Kuna mafungu yaliyowekwa na familia na watu binafsi, ambao huuliza ofisi, "Mwaka huu tumsaidie nani?" Afisa hutaja waliomjia akilini. Kwa hiyo hata akikwambia ruzuku imefungwa mpaka mwaka ujao, hujaenda bure.

Kurudi jikoni, hapana, ila wale wanne waite chai kabla ya Jumamosi. Wao wanakujua tangu daftari la kwanza. Na kabla hujampigia huyo afisa, wapigie wale mama wawili wa ngazini, uwaulize saa nne na nusu inawafaa au bado ni mapema.

Shangazi